Mhariri, programu ikigoma tuulize kwanza nani kaifungua

Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Bukoba, kazi yangu ni kutunza seva na kompyuta za maofisi madogo madogo, na leo nimekaa niandike mana ukurasa wenu wa teknolojia wa wiki iliyopita umenikaa moyoni. Mlimshauri msomaji mmoja kwamba programu ikianza kuleta shida aifute aiinstoli upya, na ikigoma tena basi apige Windows upya. Nimeusoma ushauri huo mara mbili, nikaona siwezi kunyamaza, mana hiyo ndo tabia napambana nayo kila mwaka kwa vijana wanaokuja kwangu fildi. Kijana anakutana na erori moja tu tayari kashafuta kitu. Anaiweka upya, erori iko palepale, mana kosa halikuwa ndani ya programu hata kidogo, lilikuwa kwenye mazingira ambayo programu iliamkia.

Naomba nieleze kwa kutumia chombo ninachokitumia kila siku, edita inaitwa Vim. Kwa wasomaji ambao hawaijui, edita ni programu ya kuandikia maandishi tupu, sio kama Word, hamna fonti wala herufi nene, ni maneno tu, na ndo tunayotumia kubadilisha setingi za seva ambayo haina skrini wala mausi, iko mbali huko unaiingia kwa mtandao. Vim ilitoka kwa watu mwaka 1991 ikiwa ya kompyuta za Amiga, aliyeitengeneza ni Mholanzi Bram Moolenaar, akifuata nyayo za edita ya zamani inaitwa vi ambayo Bill Joy aliiandika pale Berkeley, Marekani, mwaka 1976. Kwaiyo ni kitu cha zamani, lakini hadi leo ukiingia kwenye seva yoyote ya Linux, ule mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, karibu utaikuta au utamkuta ndugu yake.

Sasa sikilizeni. Programu haijifungui yenyewe, lazima kuna programu nyingine imeifungua. Ukiandika vim kwenye terminali, yaani lile dirisha la kuandikia amri, aliyeifungua ni sheli, programu inayopokea amri zako na kuziendesha. Ukibonyeza ikoni kwenye desktopu, aliyeifungua ni desktopu. Ikiitwa na Git, programu ya kutunza historia ya mabadiliko ya mafaili, aliyeifungua ni Git. Na kila anayefungua anamkabidhi yule anayefunguliwa mzigo wa vitu, ni kama mtoto anavotoka kwao kwenda shule, anatoka na alichopewa nyumbani. Kwenye huo mzigo kuna jina aliloitiwa, kuna maneno uliyoandika mbele ya jina, kuna folda uliyosimama, kuna ruhusa za mtumiaji, alafu kuna vigeu vya mazingira, yaani majina yenye thamani zake, mfano HOME inasema nyumbani kwako ni folda gani, PATH inasema programu zitafutwe wapi, TERM inasema unatumia terminali ya aina gani, SHELL inasema sheli yako ni ipi. Vigeu hivi vipo tangu Unix, mfumo wa zamani ambao Linux imefuata nyayo zake, toleo la 7 la mwaka 1979 na Windows nayo inavyo. Mtoto anapewa nakala, sio vile vyenyewe, yaani mzazi akibadilisha kitu baadae mtoto aliyekwisha toka hajui. Hapa kwenye neno nakala ndo watu wengi wanaangukia.

Mfano, umeinstoli Git kwenye Windows, umeenda umebadilisha PATH kwenye setingi, unarudi kwenye dirisha lako jeusi lililokuwa wazi unaandika git, linakwambia haijulikani. Kijana anaifuta Git anaiweka tena. Anaifuta tena anaweka tena! Alafu akichoka anaristati kompyuta, inakubali, anabaki anaamini kwamba kuristati ndo dawa, kumbe lile dirisha lilibeba nakala ya PATH ya zamani toka lilipofunguliwa, na angelifunga tu akafungua jingine ingemtosha.

Turudi kwenye Vim. Kisa cha kwanza ni cha mishale, na hiki nimekutana nacho labda mara ishirini. Kijana yuko kwenye seva mpya ya Ubuntu, aina moja ya Linux, kaandika vi akafungua faili, kabonyeza i aanze kuandika, akataka kupanda juu mstari mmoja kabonyeza mshale wa juu, badala ya kupanda inatokea herufi A. Wa chini inaleta B, wa kulia C, wa kushoto D. Anafikiri kibodi imekufa. Mmoja alienda kununua kibodi ya USB kwa hela yake mwenyewe, na hilo liliniuma kweli kweli mana najua hela ya mwanafunzi wa fildi inavopatikana.

Kibodi ilikuwa nzima kabisa. Ni kwamba terminali haina namna ya kumwambia Vim "huyu kabonyeza mshale wa juu" kwa neno moja. Inatuma herufi tatu kwa mpigo, ya kwanza ni Esc, ya pili O, ya tatu A. Vim yenye setingi za kisasa inazisubiri zote tatu, inazijumlisha, inajua ni mshale. Lakini ukiandika vi kwenye Ubuntu ambayo haijawekwa Vim kamili, unafunguliwa ile ndogo inaitwa vim.tiny, na ile ina faili lake la setingi linaloiambia ijifanye vi ya zamani kabisa, na vi ya zamani haizijumlishi. Kwaiyo inasoma Esc, inatoka kwenye hali ya kuandika, inasoma O, ambayo kwake ni amri ya kufungua mstari mpya juu, alafu inasoma A na kuiandika. Kila kitu kimefanya kazi sawasawa na kilivoambiwa! Dawa ni kuinstoli Vim kamili au kuandika mstari mmoja set nocompatible kwenye faili lako la setingi za Vim linaloitwa .vimrc, basi, dakika moja.

Na muone hapo jambo la jina. Programu inaangalia imeitwa kwa jina gani. Vim ileile ukiiita view inafungua faili kwa kusoma tu, ukiiita vimdiff inakuwekea mafaili mawili ubavu kwa ubavu uone tofauti, ukiiita gvim inakuja na dirisha lake. Mtu asiyejua hili ataapa kwamba ni programu nne tofauti.

Mambo ya terminali yanatokana na historia ndefu, mana vi yenyewe Bill Joy aliiandikia kwenye terminali ya ADM-3A ambayo haikuwa na vitufe vya mishale peke yake, mishale ilichorwa juu ya herufi h, j, k na l, ndo mana mpaka leo kwenye Vim unatembea kwa hizo herufi nne. Sio ukaidi wa wazee. Na kuna ile ya Ctrl+S, kijana kazoea Word anabonyeza Ctrl+S asevu, kwenye Vim za miaka ya nyuma skrini inaganda kabisa, anazima laptopu. Ni terminali ndo imepokea amri ya kusimamisha maandishi, alama ya tangu enzi za mashine za kuchapa kwa waya, ukibonyeza Ctrl+Q inaendelea.

Kisa cha pili ni cha sudo. Kijana amepewa akaunti mpya kwenye seva, kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua faili la mfumo kwa sudo vim, sudo ni amri ya kuendesha programu kwa ruhusa za root, yaani mtumiaji mkuu wa mashine. Kafanya kazi yake vizuri kamaliza. Kesho yake anafungua faili lake mwenyewe la kawaida, akitoka anaona erori E137, kwamba faili la viminfo haliandikiki. Akanipigia, shikamoo kaka, Vim imeharibika naomba niifute. Nikamwambia marahaba, usifute kitu, niambie faili la .viminfo ni la nani. Akaangalia, ni la root. Sasa kwanini liwe la root na liko nyumbani kwake? Mana Vim inapofungwa inaandika kumbukumbu kwenye faili la .viminfo ndani ya HOME, ulitafuta maneno gani, uliishia mstari wa ngapi. Ile seva ilikuwa ya zamani kidogo, sudo yake ilikuwa inampa ruhusa za root lakini inamuachia HOME yake ileile. Kwaiyo Vim iliamka ikiwa root ila nyumbani ikaambiwa ni kwa kijana, ikaandika faili pale, likawa mali ya root ndani ya nyumba ya mtu mwingine. Angeifuta Vim mara mia na kuirudisha mara mia, lile faili lingebaki palepale. Amri moja ya kurudisha umiliki, chown, ikamaliza. Tangu siku ile nawafundisha kutumia sudoedit, ambayo inatengeneza nakala ya faili, inakufungulia edita ukiwa wewe mwenyewe na setingi zako, ukimaliza ndo inairudisha nakala mahali pake kwa ruhusa ya root.

Kisa cha tatu ndo kilichonifanya nishike kalamu kwa kweli.

Kuna ofisi moja sitaitaja, kijana alikuwa anaandika setingi za seva ya wavuti, kazi ya karibu masaa mawili, hajasevu hata mara moja, mara umeme ukakatika, ruta ikazima, mawasiliano na seva yakafa. Kesho yake kafungua faili lilelile, likaja tangazo refu limeanza na E325 na neno kubwa la kutahadharisha, chini yake machaguo, fungua kwa kusoma tu, hariri hivohivo, okoa, futa, toka, achana. Kaona neno futa. Kichwani kwake faili limeharibika na dawa ya kilichoharibika ni kufuta na kuanza upya, ndo alivosoma ndo alivofundishwa. Kabonyeza D. Kazi ya masaa mawili ikaondoka pale, kwa kidole kimoja, na kumbe ilikuwepo yote usiku mzima inamsubiri.

Mana Vim kila ukifungua faili inaandika faili la pembeni linaitwa la swapu, lina jina lilelile ila linaanza na nukta na kuishia na .swp, na kwa kuwa linaanza na nukta ukiorodhesha mafaili kwa ls halionekani. Kila ukiandika herufi 200, au ukiacha kuandika kwa sekunde 4, Vim inasukuma kazi yako kule kwenye swapu, hata kama wewe hujasevu. Mawasiliano yakikatika mfumo unaitumia Vim ishara kwamba terminali imekufa, na Vim kabla ya kuondoka inahifadhi swapu. Humo ndani imeandika pia jina la mtumiaji, jina la mashine na namba ya mchakato, yaani namba ambayo mfumo uliipa ile Vim iliyokuwa inakimbia. Ukija kufungua faili tena, inaiona swapu, inauliza mfumo je huu mchakato wenye namba hii bado uko hai? Ukiwa hai inakuandikia kwamba bado unakimbia, yaani kuna mtu mwingine au dirisha lako jingine limelifungua faili hilo sasa hivi, na hapo hata chaguo la kufuta haikupi. Ukiwa umekufa inajua kazi ilikatika njiani, ndo inakuuliza ufanye nini. Tangazo lile linatisha kwa macho lakini limekuja kukuokoa. Unabonyeza R, unasevu kwa jina jingine, unalinganisha na la mwanzo kwa vimdiff, ukiridhika ndo unafuta ile swapu kwa mkono wako. Na vim -r peke yake inakuorodheshea swapu zote ilizoziona.

Mhariri, yule kijana alilia. Nilikaa nae tukaandika upya mpaka saa nne usiku. Simlaumu, alifanya kile ambacho sisi wakubwa tunakiandika magazetini na kukisema maofisini.

Sasa nieleze Vim inavoamka, mana ukijua hapa utaweza kuichunguza programu nyingine yoyote. Kwanza inasoma SHELL na TERM ijue iko wapi. Alafu inasoma maneno uliyoandika mbele ya jina lake. Alafu inasoma faili la setingi la mfumo mzima kama lipo, lililowekwa na aliyetengeneza ile Linux. Alafu inatafuta setingi za mtumiaji kwa zamu, inaanza na kigeu kinaitwa VIMINIT, kikikosekana inatafuta .vimrc nyumbani kwako, likikosekana inaangalia kigeu cha zamani EXINIT, na ya kwanza kupatikana ndo inayotumika, zilizobaki haiziangalii tena. Windows faili linaitwa _vimrc kwa alama ya chini, na kwa kuwa Windows mara nyingi haina HOME, Vim inaikisia kutoka kwenye vigeu vingine kama USERPROFILE. Baada ya hapo ndo inapakia plagini, yaani programu ndogo za kuiongezea uwezo, inasoma ile .viminfo, inafungua mafaili yako kwenye madirisha, ndo unaiona.

Kuna jambo hapa linawapata hata wazoefu. Tangu Vim 8 ya mwaka 2016, ikikosa setingi zako kabisa inapakia faili linaitwa defaults.vim, ndo linakupa rangi na mambo mengine mazuri. Ukitengeneza .vimrc tupu, halina hata herufi moja ndani, Vim inasema ah, huyu ana setingi zake, inaacha kupakia ile defaults, na kama faili la mfumo halijaziwasha rangi zinapotea. Faili tupu limezima rangi! Mtu atahangaika siku nzima mana nani atashuku faili lisilo na kitu.

Na Vim inakwambia yote haya ukiiuliza, haifichi. Andika :version inakuonesha inatafuta setingi wapi. Andika :scriptnames inakuorodheshea kila faili ililolisoma toka iamke, kwa mpangilio. Andika :echo $MYVIMRC inakwambia imetumia setingi zipi. Ukiweka :verbose set mbele ya jina la setingi na alama ya kuuliza nyuma yake inakwambia hiyo setingi mara ya mwisho imebadilishwa na faili gani. Ukiona inachelewa kufunguka, vim --startuptime na jina la faili la kuandikia inakupimia kila hatua kwa milisekunde, utamuona plagini anayekula muda. Na ile amri ninayoipenda kuliko zote, vim --clean, inaamka bila setingi zako wala plagini zako. Shida ikipotea hapo ujue iko kwenye setingi zako. Shida ikibaki, angalia terminali, angalia mfumo. Hujafuta kitu, hujainstoli kitu, na umeshajua uelekeo.

Git nayo nisiisahau mana vijana wengi wanajifunza saivi. Ukiandika git commit, yaani amri ya kuhifadhi mabadiliko, bila ujumbe wa kuyaeleza, Git inatafuta edita ikufungulie, inaangalia GIT_EDITOR, alafu core.editor kwenye setingi zake, alafu VISUAL, alafu EDITOR, zikikosekana zote inaita vi. Ndo mana mtu anajikuta ndani ya Vim hajaiomba na hajui kutoka (bonyeza Esc, andika :q! alafu Enter). Sasa mwingine anaweka gvim kwenye EDITOR, dirisha linafunguka zuri, lakini Git hapohapo inalalamika ujumbe ni mtupu imeacha. Ni kwamba gvim ikifunguka inajitenga na aliyeifungua, inamrudishia mzazi kwamba mimi nimemaliza, mzazi anaenda kusoma ujumbe wakati wewe hata hujaanza kuandika. Weka gvim -f, inabaki imeshikana na mzazi mpaka uifunge. VS Code, edita nyingine, hivohivo, inataka --wait.

Na kwa wanaosema haya ni mambo ya wataalamu tu, mwaka 2019 ilitangazwa kasoro ya usalama CVE-2019-12735. Vim ina kitu kinaitwa modeline, faili lenyewe linaweza kubeba mstari mmoja wa setingi mwanzoni au mwishoni, Vim ikalisoma na kuutii. Kwenye matoleo kabla ya 8.1.1365 mtu mbaya aliweza kuandika mstari ambao ukifungua faili tu unaendesha amri kwenye mashine yako. Kufungua kusoma tu! Hiyo ilihitaji sasisho kweli, na hapo kuinstoli toleo jipya ndo ulikuwa ushauri sahihi. Kwaiyo sisemi kuweka upya ni kosa siku zote, nasema ujue kwanini unaweka upya.

Kuna jambo jingine Mhariri nataka wasomaji walijue, na hili linanigusa kwa sababu ya mahali ninapoishi. Ukifungua Vim bila jina la faili lolote, kwa miaka mingi katikati ya skrini palikuwa panatokea maneno machache, jina lake, toleo, alafu mara kwa mara mstari unaosema tuwasaidie watoto maskini wa Uganda, uandike :help iccf upate maelezo. Nimetumia Vim miaka mingapi nikiuruka ule mstari, mana mimi kila siku naifungua na jina la faili na ukifanya hivo ule mstari hauji. Siku moja nikausoma. Moolenaar mwaka 1994 alijitolea mwaka mzima kwenye kituo cha watoto pale Kibaale, wilaya ya Rakai, akasaidia kukipanua na kufanya mambo ya maji na usafi. Rakai! Hapo ng'ambo tu ya mpaka wa Mutukula. Maelezo yenyewe yanasema ni mji mdogo kusini mwa Uganda karibu na Tanzania, watu ni wakulima, chakula kipo, lakini UKIMWI umewaacha watoto wengi bila wazazi. Mtu wa Kagera hahitaji kuelezwa hayo, mana wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walionekana mkoani kwetu mwaka 1983, na kila ukoo hapa una makaburi ya miaka ile. Akaitoa programu yake bure kwa dunia nzima, akasema ukiipenda changia wale watoto. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023, na toleo la 9.1 lililotoka Januari 2024 wenzake wamelitoa kwa kumbukumbu yake.

Mimi nilisoma maneno yale nimekaa ofisini peke yangu nikasimama kidogo nikaenda dirishani. Chombo kinachotumika kwenye seva za dunia nzima kimebeba jina la mji ambao naweza kwenda na kurudi kwa siku moja, na vijana wetu wanakifuta na kukiweka upya bila kusoma hata skrini yake ya kwanza.

Ombi langu kwenu sio kubwa. Kwenye ukurasa wenu wa teknolojia, kabla hamjamwambia msomaji afute, mwambieni aangalie vitu vitatu, programu kaifungua nani, imesoma setingi kutoka faili gani, na erori yenyewe inasema nini neno kwa neno. Mkikosa mtu wa kuandika mimi niko tayari kuwaandikia bure, hata kila wiki, na sihitaji jina langu litoke. Na walimu wa vyuo vya kompyuta wanaosoma gazeti hili nawaomba somo la vigeu vya mazingira msiliache lipite kwa slaidi moja, mfungulieni mwanafunzi terminali mbili, abadilishe PATH kwenye moja alafu aitafute kwenye nyingine, aone kwa macho yake haipo.

Jumatatu nina vijana watatu wapya wanaanza fildi kwangu. Yule aliyebonyeza D nimemuomba aje, ndo atakaekaa nao asubuhi ya kwanza. Ataanza nao kwa kuandika vim tupu bila jina la faili, wasome ule mstari wa Uganda mpaka mwisho, alafu waandike :scriptnames.

Ni mimi msomaji wenu,
Fundi kompyuta, Bukoba